Bingwa wa Saa ya Kwanza

Kila Daktari alipokuja likizo, shangazi zake walijaa sebuleni kwa mama yake wakisubiri masanduku yafunguliwe. Alikuwa akifanya kazi Uingereza, na kwa mawazo ya watu wa Tunduma, mtu wa Uingereza hawezi kurudi na masanduku mawili mazito bila kuwamo viatu, vitambaa na manukato. Yeye aliyafungua taratibu mbele yao. Zikatoka glavu, bandeji, mikanda ya kubana mkono unaovuja damu, na kola za plastiki za kushikiza shingo. Mwaka mmoja shangazi mkubwa aliichukua kola moja, akaizungusha shingoni mwake, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Na hii inavaliwa na nguo gani?" akauliza.

"Anaivaa aliyegongwa na lori, shangazi," Daktari akamjibu. "Mungu apishe mbali."

Shangazi aliivua upesi sana. Vyote vilivyotoka kwenye masanduku yale viliishia kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nesi katika kituo kidogo cha afya kando ya barabara kuu, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Hivyo ndivyo tulivyojuana, na tukajuana kwa miaka kumi na minne. Alinizidi umri, kwa hiyo tukiwa wawili nilimwita dada, na mbele za watu nilimwita Daktari kama wengine. Jina lake silitaji, kwani angelikuta hapa angenipigia simu kunikaripia.

Kazi yake iliwatatiza sana wazee wa ukoo. Neno bingwa walilielewa. Kuna bingwa wa macho, kuna bingwa wa mifupa, kuna wa akina mama. Sasa bingwa wa dharura ndiyo nini? Mjomba wake mmoja, mwalimu mstaafu aliyependa mambo yapangwe sawasawa, alimhoji mezani mbele yetu sote.

"Wenzako wamegawana mwili, kila mtu na kipande chake. Wewe ulipewa kipande gani?"

"Sikupewa kipande, mjomba. Nilipewa saa ya kwanza. Mtu akiletwa hoi, saa ya kwanza ni yangu. Asipokufa mikononi mwangu, ndipo nawagawia hao wenye vipande."

Mjomba alitafuna ugali wake, akafikiri. "Yaani wewe ndiye mapokezi," akasema. Daktari alicheka hadi akapaliwa, na tangu hapo akipiga simu kutoka kazini alisema, "Ni mimi, mapokezi."

Habari za huko alizisimulia kwa vichekesho, hata zile ambazo nadhani hazikuwa na kicheko zilipotokea. Alitusimulia habari za babu mmoja wa Kizungu aliyeletwa kifua kikimbana, akamwona anaingia, akasema anamtaka daktari wa kweli. Daktari akamwambia wa kweli amekwenda kunywa chai, huyu aliyebaki ndiye anayejua kuokoa watu. Babu akatapika, akamtapikia viatu. "Mtu akishakutapikia viatu," alisema, "hamwezi tena kuwa wageni." Alikaa na babu yule hadi maumivu yalipopungua, na babu alipopona aliacha salamu kwa yule daktari wa uongo. Mimi nilicheka na wengine, lakini baadaye nilimuuliza kama hakuumia. Akasema aliumia kwa dakika moja, kisha mashine ya moyo ikaanza kupiga kelele na hakupata nafasi ya kuumia zaidi.

Usidhani alikuwa shujaa wa kila kitu. Mwanamke aliyeweza kushona kidonda cha kichwa huku anakuhadithia habari za mvua hakuweza kuchinja kuku. Hata kumshika hakuweza. Mama yake alimtuma siku moja uani na kisu, akarudi na kisu, akasema kuku yule anamwangalia. Bodaboda alizikataa kabisa. Angetembea kwa miguu kutoka stendi hadi kwetu, jua la saa sita likimchoma, akiburuta mfuko, kuliko kupanda nyuma ya pikipiki. Vijana wa kijiweni walimpigia honi, wakamwita, "Daktari, panda, sisi waangalifu!" Naye akawajibu bila kugeuka, "Naijua miguu yenu yote, nimeshaiona ikiwa imevunjika." Na ugali wake ulikuwa na mabuja hata mbwa aliuzunguka kwanza kabla ya kuula. Nilimwambia hivyo hivyo usoni, na alikubali.

Alikuwa na msemo mmoja ambao ulimletea maneno mjini: kupumua kwanza, heshima baadaye. Kwetu heshima ina mpangilio wake. Mkubwa akiingia mahali penye foleni, watu husogea bila kuambiwa, na hata pale kituoni mtu mwenye cheo hakuwahi kukaa kwenye benchi. Sikuliona kuwa kosa, nililelewa hivyo. Siku moja Daktari alikuwa amekuja kunitembelea nikiwa kazini, akaingia mheshimiwa mmoja aliyejikata kidole cha mguu kwa jembe, analalamika tangu mlangoni, na wasaidizi wawili nyuma yake. Nikaanza kuandaa maji ya kumwosha. Daktari alikuwa anatazama pembeni, sakafuni, alikokaa mama mmoja wa kifugaji kutoka bondeni Momba. Mumewe alikuwa amesimama naye, amevua kofia, amenyamaza, kwani aliona wakubwa wanahudumiwa. Mama naye alikuwa kimya, midomo imepauka.

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa yule mama alikuwa mdogo kuliko yeye, na wakati anaitikiwa tayari alikuwa ameshika mkono anahesabu mapigo. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. Damu ilikuwa inavujia tumboni. Tukamwekea dripu mbili, tukamlaza kwenye pikapu, na Daktari akapanda naye nyuma hadi hospitali ya Vwawa, ameshikilia chupa juu mkononi njia nzima. Mheshimiwa aliniambia atalifikisha jambo hili mahali. Nilimwomba radhi huku namfunga kidole, na moyoni nilikuwa nasali kwa ajili ya yule mama. Alipona. Mumewe alituletea maziwa kwenye kibuyu miezi mitatu baadaye, na bado hakuongea.

"Anayepiga kelele ana pumzi," Daktari aliniambia jioni ile. "Mwache apige. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia."

Likizo iliyofuata alitaka kulifundisha jambo hilo kwa watu wengi zaidi, na hakwenda kwa watu wa ofisini. Alikwenda kwa wasukuma mikokoteni. Wale ndio wanaovusha mizigo kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kuirudisha, na lori likipinduka au likikosa breki pale mteremkoni, wao ndio wanaofika kabla ya mtu yeyote. Tatizo lao lilikuwa kwamba walijua kubeba magunia. Mtu aliyevunjika shingo walimnyanyua kama gunia, mmoja kwapani, mmoja miguuni, moja mbili tatu, juu.

Aliwakusanya kwenye uwanja wa maegesho Jumapili baada ya ibada, wanaume kama ishirini, na mgonjwa wa mazoezi nikawa mimi. Nililala chini vumbini na sare yangu safi huku madereva wa Zambia wakitoka kwenye malori kutazama. Daktari hakuwaambia kwamba wanakosea. Aliwauliza wanabebaje trei za mayai. Wakamwonyesha, kwa fahari, jinsi watu wanne wanavyoinua kwa pamoja, mmoja akitoa amri, hakuna kupinda, hakuna kuyumba. "Basi mgonjwa ni trei ya mayai," alisema. Wakaninyanyua hivyo, mmoja ameshika kichwa changu kwa mikono miwili, na nakwambia nilipanda kwenye mkokoteni bila kuhisi kitu. Dereva mmoja Mzambia alipiga makofi, akamshukuru kwa Kibemba, "Natotela sana, dokota!"

Mkubwa wao, mtu wa makamo tuliyemwita Baba Neema, aliinua mkono. "Daktari, umesema anayelia asubiri. Na kama anayelia ni mkwe wangu?"

"Mkwe atasubiri."

"Hiyo ndoa itavunjika."

"Ndoa tutaiunga. Shingo ni ngumu kuunga."

Walicheka wote, na wakakumbuka. Kwa miaka mingi baadaye ungewasikia pale mpakani wakipakia bidhaa, mmoja anapiga kelele, "Trei ya mayai hiyo!"

Sasa nimwongelee mama yake, kwa sababu kila kicheko cha Daktari kilikuwa na kivuli hicho nyuma. Alikuwa mjane, naye Daktari alikuwa mtoto wake wa pekee. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa juu, na kila ulipofika aliuliza habari za watu wote hadi wa Nanyala alikozaliwa, kisha akakulisha kwa nguvu. Mwaka wa kwanza Daktari alimwahidi kwamba atarudi kabisa mwaka ujao. Mwaka ujao ulipofika akaahidi ujao mwingine. Kulikuwa na mtihani wa kumalizia, kisha kulikuwa na vijana wa kuwafundisha, kisha kazi ilikuwa imenoga na yeye mwenyewe alijua hivyo. Mama hakuwahi kumlaumu. Alikuwa akisema tu, "Sawa mwanangu, mwaka ujao si mbali," na nilimwona Daktari akisikia maneno hayo anavyokodoa macho ukutani.

Mama alipopata kisukari, Daktari alianza kumtibu kwa simu. Kidonge saa moja asubuhi, bila kukosa. Kila siku alipiga simu kuhakikisha, na kila siku mama alijibu kwa utii kama mtoto wa shule: "Nimekunywa." Aliniambia mara nyingi, sauti ikiwa imelegea, "Mdogo wangu, mchana kutwa nashika mama za watu. Wangu nimemwachia simu." Mimi nilimjibu kwa utani, kwamba na mimi je, ni pambo? Lakini nilijua alichokiogopa. Aliogopa kwamba saa ya kwanza ya mama yake itakuja naye hayupo.

Ikaja. Jirani wa mtaa wa juu alifiwa, na mama, kama desturi, alikwenda mapema kusaidia jikoni. Kidonge alikuwa amekunywa saa moja kamili. Chai hakunywa, akisema atakunywa msibani. Na msibani kwetu wenye kupika hawali mpaka wageni wa mbali wamekula. Wageni walikuwa wanatoka Chitete, na siku hiyo foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara tangu eneo la Mpemba. Saa nne wakawa hawajafika. Saa sita wakawa hawajafika. Ugali ulisongwa ukafunikwa, na mama alikaa pembeni ya sufuria, amejaa adabu, na kidonge kinafanya kazi yake katika tumbo tupu.

Alipolala chini ubavu, akina mama walimwekea kanga kichwani. Walimwelewa vibaya kwa wema kabisa. Marehemu alikuwa rafiki yake, kwa hiyo wakasema ni uchungu umemzidi, mwacheni apumzike. Mmoja akampepea. Mwingine akaanzisha wimbo. Kando yao binti wa marehemu alikuwa anagaragara na kulia, na watu sita walikuwa wamemshika.

Baba Neema alikuwa ameleta maji kwa mkokoteni. Alisimama mlangoni mwa ua, akatazama aliyelia, akatazama aliyenyamaza, akauliza, "Yule bibi mmemwita akaitika?" Wakamwambia amechoka. Akaingia jikoni kwa wanawake, jambo ambalo mwanaume hafanyi msibani, akamwita mara tatu, akamtikisa bega. Jasho lilikuwa linamtiririka na haitiki. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akaita wenzake, wakamwaga maji yote ya watu wa msiba chini, wakampandisha wanne kwa pamoja, wakamlaza ubavu. Gari lisingepita siku hiyo hata kwa dua. Mkokoteni ulipita katikati ya malori, na madereva walikuwa wanakunja vioo vya pembeni kuwapisha.

Niliwaona wanaingia kituoni, nikamtambua kwa kanga yake. Nilimchoma kidole, nikampima sukari kwa mashine ndogo aliyoileta binti yake mwenyewe. Moja nukta nane, iko chini mno. Na hapo simu yangu ikalia, na ilikuwa Uingereza. Alikuwa amempigia mama mara nne bila kujibiwa.

Nilimwambia ukweli wote kwa sentensi mbili, kama alivyonifundisha. Kwa muda kidogo alikuwa yule yule: mshipa umeupata, glukosi ya asilimia hamsini unayo, isukume polepole. Kisha akauliza, "Anaitika?" Nikasema bado. Akauliza tena, "Anaitika?" Nikasikia pumzi yake inakatika, na Daktari wetu, mwanamke aliyewazoea wanaokufa, akaanza kulia na kusema maneno yasiyofuatana, kwamba atafute ndege, kwamba nisimwache, kwamba nimwambie mama yeye anakuja.

"Dada," nikamwambia. "Kaa chini."

"Nimesimama."

"Ndiyo maana nakwambia ukae. Huyu ni mgonjwa wangu, si wako. Kaa chini, unyamaze, nifanye kazi."

Sijui nilipata wapi kiburi hicho. Nilisikia kiti kinaburuzwa, huko mbali kote. Nikaiweka simu mezani, nikaendelea kusukuma dawa, Baba Neema amemshikilia mkono usicheze. Dakika chache zikapita. Mama akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akanitazama, akamtazama Baba Neema kwa mshangao mkubwa.

"Wageni wa Chitete wamekula?" akauliza.

Niliinua simu ili Daktari asikie mwenyewe. Alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akarudi kuwa Daktari: nisimruhusu kwenda nyumbani siku hiyo, kwani kidonge kile hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Nilimlaza hadi kesho yake. Wageni walifika saa tisa, walikuta msiba hauna maji, na hakuna aliyelalamika.

Daktari alifika baada ya siku nane. Safari hii hakuleta masanduku mawili. Alileta begi moja na barua ndani yake, ameiandika ya kuacha kazi, imebaki kutumwa tu. Aliisoma mbele yangu na mbele ya mama, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, na sauti yake haikuwa imara. Mama alisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele.

"Mimi nilianguka kwa sababu gani?" akauliza.

"Kwa sababu hukula, mama."

"Basi dawa ya kutokula ni kula. Si wewe kuacha kazi." Akapeta mchele. "Kazi unaipenda. Unadhani sijui? Ukiongea habari zake unakuwa kama baba yako akiongea habari za kahawa. Mwaka ujao, mwaka ujao, nimekuitikia ili usijisikie vibaya. Nenda ukafanye kazi yako, ukizeeka utarudi. Mimi hapa nina Nesi, na nina wale watu wa mikokoteni walioniona hata miguu siku ile waliponibeba."

Akainuka, akachukua mashine yake kabatini, akajichoma kidole mwenyewe bila kukunja uso, akasubiri, akasoma kwa sauti. "Sita nukta moja. Na nimekunywa chai kwanza." Akairudisha kabatini.

Daktari alitoka uani. Nilimfuata, nikamkuta amesimama karibu na banda la kuku, mikono imening'inia.

"Miaka yote hii nilikuwa nataka aniambie niende," alisema. "Leo ameniambia. Mbona naumia hivi?"

"Kwa sababu ulitaka akuruhusu na bado akuhitaji," nikamwambia. Sikuwa na utani wowote wa kumpa, na nilimwonea huruma sana. Mtu aliyezoea kukimbiliwa, halafu nyumbani kwao hakuna anayemkimbilia.

Kisha mama akatokea mlangoni na kigoda mkononi, amekwishavua kitambaa, nywele zake nyeupe zimetawanyika. Akaweka kigoda kivulini, akaketi chini mbele yake, akatutupia kitana.

"Nesi ana kazi, mwache aende. Wewe njoo unisuke. Mtindo wa twende kilioni, mistari minne."

"Mama, mimi sijui kusuka."

"Najua hujui. Njoo."

Niliwaacha wameketi hivyo, kichwa cha mama kimeegemea magotini mwa binti, na mikono ile inayoshona watu inahangaika na fundo la kwanza. Daktari aliondoka wiki iliyofuata, barua hakuituma. Mistari ilikuwa minne kweli, na hakuna hata mmoja uliokwenda sawa. Mama alikwenda nayo kanisani, akaenda nayo sokoni, akaja nayo kituoni kupima sukari, na kila jirani aliyejitolea kuifumua amsuke vizuri alijibiwa aondoe mkono. Alikaa nayo mwezi mzima.